Nani Atakupokea

Chai ya kituoni ilikuja tayari imetiwa sukari. Naanza na hilo kwa sababu watu wakiniuliza kwa nini niliondoka mahali nilipokuwa nakula, nalala na kutibiwa bure, hilo ndilo jibu linalonijia kwanza, nao hunitazama wakidhani ninawatania. Siwatanii. Kabla ya ajali niliuza chai na wali stendi ya Babati miaka mingi. Nilijua nani anataka vijiko viwili, nani anataka ya rangi, nani akiona majani yanaelea anasukuma kikombe na kununa. Halafu nikawa mtu wa kuletewa chai kwenye kikombe cha plastiki, tamu ya kuumiza meno, na nikisema siipendi hivyo naambiwa, "Kunywa mama, upate nguvu."

Nguvu za kwenda wapi, hakuna aliyesema.

Ajali ilinikuta kwenye mteremko wa Bonga. Nilikuwa natoka kununua maharage, nimekaa nyuma ya bodaboda, gunia liko katikati yetu, breki zikakataa. Dereva alichubuka viwiko. Mimi uti wa mgongo uliachia, na kuanzia kiunoni kwenda chini mwili wangu ukawa mzigo ninaouvuta. Hospitali waliponiruhusu, kaka yangu alinichukua kwake Sigino. Nyumba yake ina ngazi, choo kiko nyuma ya zizi, na wifi yangu alikuwa na ujauzito mkubwa. Nilipata vidonda vya kulalia, vikanuka, watoto wakawa wanapita mlangoni wameziba pua. Ndipo jirani mmoja wa kanisani akamweleza kaka habari za kituo.

Kituo chenyewe ni kizuri, lazima niseme ukweli. Kina mabati ya kijani, bustani ya mchicha, bomba lisilokauka, na dirisha langu lilitazama Mlima Kwaraa. Aliyekuwa akikiongoza tulimwita Mama Mlezi. Ni mdogo wangu kwa umri, lakini vidonda vyangu alivisafisha mwenyewe kwa mikono yake, asubuhi na jioni, hadi vikafunga. Hakuwahi kukunja uso. Bila yeye ningeoza nikiwa hai, na hilo nitalisema popote nitakapoulizwa.

Lakini pale kila mtu alimwamkia shikamoo. Wazee wenye mvi kichwa kizima, waliokuwa na wajukuu waliooa, walikuwa wanainamisha shingo mbele ya mwanamke wa umri wa binti zao: "Shikamoo Mama." Naye anaitikia, "Marahaba, hamjambo wanangu?" Hakuwa na majivuno, alikuwa amezoeshwa. Mimi nilimwambia, "Habari za asubuhi, Mama," na wafanyakazi wakanipa sifa ya kuwa na kiburi. Sawa. Miguu ilikuwa imeshaondoka, angalau kiburi kibaki.

Chumba nilikaa na bibi mmoja kipofu, Mgorowa aliyeishi miaka yake yote akilima na kuchunga huko nje ya mji. Mlango wetu haukuwa na komeo kwa ndani. Waliliondoa wakisema mtu akianguka nani atamfungulia. Kwa hiyo mlango ulifunguliwa na yeyote, saa yoyote, na hakuna aliyepiga hodi. Nilikuwa naweza kuwa nusu uchi, najipindua kitandani kwa mikono kujivika sketi, mara mlango huo wazi, mfanyakazi anaingia na ndoo, nyuma yake wageni wawili waliokuja kutembelea wenye shida. Siku moja uvumilivu ulinishinda.

"Jamani, hodi hamna?"

Yule dada mwenye ndoo alicheka kwa upendo kabisa. "Hodi ya nini, mama? Kwani sisi ni wageni?"

Bibi alikuwa ananisikiliza nikilalamika baada ya wao kuondoka, anatikisa kichwa kule kwenye kona yake. "Wewe unasumbuka bure," aliniambia kwa Kiswahili chake kizito. "Mimi nyumbani nililala na mbuzi. Mbuzi nao hawapigi hodi."

Nilicheka hadi machozi. Na kwa upande wake alikuwa na haki: yeye alikuwa amefika. Mimi nilikuwa nimekwama, na sababu ya kukwama kwangu ilikuwa inasoma kidato cha tatu.

Nina binti mmoja. Baba yake alishaoa kwingine kabla hata mtoto hajaota meno, kwa hiyo nyumba ya binti yangu ilikuwa ni mimi, popote nilipopanga chumba. Nilipoingia kituoni, nyumba hiyo ikafutika. Anasoma shule ya bweni, na likizo alikuwa anakwenda kwa mjomba wake Sigino. Hawakumtesa. Alichota maji, alipalilia, alibeba mgongoni mtoto wa wifi, alilala jikoni karibu na mahindi. Alipokuja kunitembelea Jumapili, utaratibu ulikuwa wageni waishie kwenye benchi la pale getini. Chumba changu hakuwahi kukiona. Alisimama nje ya geti na kumwambia mlinzi, "Hodi," kwa sauti ndogo ya mtu anayeogopa kusumbua, halafu anangoja mamaye asukumwe kwenye kiti cha magurudumu aletwe.

Siku moja alikuja na viganja vimepasuka. Nilivishika, akavirudisha mapajani. Tukazungumza mambo ya shule. Alipokaribia kuondoka akasema, akiwa ametazama viatu vyake, "Mama, nikimaliza kidato cha nne nitakaa wapi?"

Niliumia kuliko siku ya bodaboda. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, nitapata chumba. Alinitazama juu hadi chini, na hakunibishia, na huko kutonibishia ndiko kulikonikata maini.

Jioni hiyo hiyo nilijisukuma hadi ofisini kwa Mama Mlezi na kumwambia nataka kuondoka.

"Nani atakupokea?" aliuliza.

"Najipokea mwenyewe. Nitapanga chumba, nitauza chapati."

Akanieleza kwa upole nilichokuwa nakijua. Pale mtu hajiondoi, anakabidhiwa. Zamani kuna mzee mmoja alijiondoa, akaja kuokotwa sokoni anaumwa, na mji mzima ukasema kituo kimemtupa. Tangu hapo wakaweka utaratibu: unapoingia, ndugu zako wanakukabidhi mbele ya watu wote ukumbini, unapotoka, kituo kinakukabidhi kwa ndugu vilevile. Kuna maneno ya kusema, kuna wimbo, kuna soda. Shughuli hiyo hufanywa Jumapili moja baada ya msimu wa kupanda na nyingine baada ya mavuno, kwa sababu ndugu wengi ni wakulima. Asiyekuwa na ndugu wa kumpokea hubaki, na wengi walibaki hadi walipobebwa kwenye jeneza.

Nilikuwa mwanamke mzima niliyelisha nusu ya stendi, na sasa nilikuwa natafuta mtu wa kunisaini kama mzigo uliotumwa kwa basi. Nilimpigia kaka kwa kitochi changu. Nilimweleza polepole kwamba sitakwenda kukaa kwake, asiwe na hofu, chumba nitajitafutia mwenyewe. Anachotakiwa ni kusimama ukumbini na kusema, "Tunampokea dada yetu." Maneno matatu. Akakubali. Nikamrudisha palepale mara kadhaa hadi akaniambia, "Mimi si mtoto, nimeelewa."

Sasa inabidi nieleze kaka yangu ni mtu wa namna gani. Ni mzee wa kanisa, mkulima mzuri, mtu asiye na hila. Katika ukoo wetu yeye ndiye msemaji. Mahari ikiletwa, anasema yeye. Binti akiolewa, anayesimama mbele ya wakwe kumkabidhi ni yeye. Anapenda kusema, na watu wanapenda kumsikia, maana ana sauti nzito inayotoka tumboni.

Baada ya mavuno alikuja. Alivaa koti la suti, ameleta debe la maharage na jogoo kama shukrani, na nyuma yake wajomba wawili. Nilikuwa nimeshafunga mfuko wangu tangu alfajiri. Bibi aliniombea kwa lugha yake na kunipaka mate kidogo kwenye paji la uso, kama wanavyobariki wazee wa kwao. Ukumbini nikawekwa katikati, Mama Mlezi upande huu, kaka upande ule.

Kaka akaanza vizuri. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Mama Mlezi, akasimulia vidonda vyangu kwa undani ambao nisingemruhusu. Watu wakapiga makofi. Makofi yakamnogea. Akasimulia jinsi marehemu mama yetu alivyotulea, akina mama wakaanza kufuta macho, mmoja akapiga kigelegele. Hapo nikaiona hatari, maana nilimjua kaka yangu kwenye harusi: kigelegele kikishapigwa, mdomo unakwenda peke yake.

"Kwa hiyo leo," alisema, amenyoosha mkono juu ya kichwa changu, "mbele ya Mungu na mbele ya mashahidi hawa, sisi kama familia, tunamkabidhi dada yetu mikononi mwenu. Mumtunze. Akikosea mumwonye. Ni wenu!"

Ukumbi ukalipuka. Mama Mlezi, uso umejaa furaha na mshangao, alichukua mkono wangu na kuuweka juu ya wake, ndivyo inavyofanywa mtu anapoingia. Nilisema, "Hapana." Nilisema tena kwa nguvu. Wimbo ulikuwa umeshaanza.

Nilimpata kaka nje, ameshika soda yake, anajifuta jasho.

"Umesema nini wewe?"

"Nimesema nini?" Alinitazama, halafu nikaona kabisa akikumbuka. Akaziba mdomo. "Dada. Nimepitiwa."

"Rudi ukasahihishe."

"Nitasahihishaje sasa? Watu wameshakunywa soda."

Nilimwambia maneno ambayo hayaandikiki. Wajomba walijifanya wanamtazama jogoo. Kaka alinisikiliza hadi mwisho, akachuchumaa mbele ya kiti changu ili tuonane uso kwa uso, na akasema kwa sauti ya chini, bila hotuba: "Lakini dada, kwani hapa pana ubaya gani? Unakula. Mimi nalala usingizi nikijua uko hapa." Nikajua kwamba ulimi wake ulipitiwa, lakini moyo wake haukupitiwa. Hata alikuwa na haki ya kulala usingizi. Ila usingizi wake ulikuwa umeegemezwa juu ya mwanangu anayelala jikoni, na hilo hakutaka kuliona.

Nilirudi chumbani, nikafungua mfuko, nikarudisha nguo kwenye kabati. Ni katika miezi iliyofuata ndipo nilipoielewa maana ya kufungwa. Kabla ya hapo nilidhani kuna ukuta nitaupata mahali, niupige. Hapakuwa na ukuta. Kulikuwa na uji, dawa, sala, kitenge cha sare ambacho ukionekana nacho mjini kila mtu anajua unatoka wapi, na watu wema waliokuwa wananifunika blanketi bila kuniuliza kama nahisi baridi. Niliomba niingie jikoni kukanda hata unga, wakasema nitaungua. Niliomba chai isiyo na sukari. Wakaniletea, siku mbili, kisha ikarudi tamu. Nilianza kumwamkia Mama Mlezi shikamoo. Ilinitoka tu asubuhi moja, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

Karibu na Idi kulikuwa na wafanyabiashara Waislamu wa mjini waliokuwa wanaleta mchele. Mwaka ule alishuka kwenye gari mama mmoja mwenye duka la nafaka karibu na stendi, wazazi wake walitoka pwani, yeye kazaliwa hapahapa Babati. Nilinunua mchele kwake miaka yote ya biashara yangu na hatukuwahi kumaliza siku bila kugombana. Alikuwa anapita kati ya viti akitoa salamu, akanifikia, akasimama.

"Shikamoo dada," nikasema.

"Marahaba." Akaniangalia kitenge, akaniangalia usoni. "Si wewe uliyekuwa unanikorofisha kila asubuhi? Unachambua mchele wangu punje kwa punje kama unachumbia?"

"Ulikuwa na mawe."

"Haukuwa na mawe!" Alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Leo utaula tu, mawe kwa pumba, sivyo? Maana umepewa."

Hakunionea huruma, na nilimpenda kwa ajili hiyo. Nilimshika ushungi kabla hajasogea mbele. Nilikuwa nimesikia kuwa ana nyumba ya vyumba vya kupangisha Nangara.

"Una chumba?"

"Cha nani?"

"Changu. Mimi na binti yangu."

"Utafanya kazi gani?"

"Chapati. Iliyokufa ni miguu, mikono ipo."

Aliifikiria kama mfanyabiashara, macho yamefinywa, na sikuona hata chembe ya sadaka katika uso wake. "Chumba kiko uani, kina kizingiti kirefu," alisema. "Na mchele utanunua kwangu."

Nilimweleza utaratibu wa kukabidhiwa. Akauliza ni lini. Nikamwambia, baada ya kupanda.

Jumapili hiyo alikuja na pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, akasimama ukumbini wakati wa wimbo wa kanisa kwa adabu zake zote, ushungi umefungwa vizuri. Mama Mlezi alimuuliza mbele ya watu, "Wewe ni nani yake?"

"Mwenye nyumba wake."

Watu wakacheka. Mama Mlezi hakucheka. "Mama, hapa tunakabidhi kwa ndugu."

"Ndugu walikuja," alisema mwenye nyumba wangu. "Wakamrudisha."

Nikaomba kusema, na safari hii hakuna aliyeanzisha wimbo. Nilimshukuru Mama Mlezi kwa vidonda vyangu, na nililia, kwa sababu shukrani ile ilikuwa ya kweli. Kisha nikasema nina mtoto anayehitaji mahali pa kurudi, na mahali hapo hapawezi kuwa benchi la getini.

"Na ukianguka?" aliuliza Mama Mlezi. Sauti yake ilikuwa imeumia. "Uko peke yako, mlango umeufunga, ukianguka?"

"Nitakuwa nimeanguka kwangu."

Alinitazama muda mrefu. Alisema kwamba hawana maneno ya kumkabidhi mtu kwa mwenye nyumba, wala kwa mtu mwenyewe. Kwa hiyo hakusema kitu. Alishika mikono ya kiti changu kwa nyuma na kunisukuma yeye mwenyewe, kupita watu wote, hadi nje ya geti. Hapakuwa na soda. Bibi alipiga kelele kutoka mlangoni kwamba nimpelekee dagaa.

Sitaki kudanganya kwamba nilitoka gizani nikaingia kwenye mwanga. Chumba cha Nangara ni kidogo, na kizingiti chake kweli ni kirefu. Bila ubao ambao mtoto wa mwenye nyumba hunitandikia, sitoki. Mvua ikinyesha njia inakuwa tope, magurudumu yanazama, nakaa ndani hadi pakauke. Nimeshaanguka mara kadhaa. Mara moja nililala sakafuni hadi mpangaji mwenzangu aliporudi kutoka sokoni, nikamtukana Mama Mlezi kimoyomoyo kwa kuwa alisema kweli. Lakini komeo liko ndani, kwa kimo changu, na watu wanasimama nje na kusema hodi. Wa chapati wanasema hodi. Mwenye nyumba, nyumba ni yake, anasema hodi, hata akija kugomba kuhusu maji. Siku za mwanzo nilikuwa nakaa kimya kidogo kabla ya kuitikia, ili aliye nje arudie tena.

Shule zilipofungwa, binti yangu hakujua nyumba. Alielekezwa na muuza duka. Nilikuwa nimekaa na beseni la unga mapajani, mlango nimeupa mgongo, umerudishiwa tu bila komeo. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku nyingi. Nilitaka nisikie ile hodi yake ndogo ya getini, nimwitikie karibu kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, majirani wote wajue kuwa mwenye mji ni mimi.

Mlango ulifunguliwa kwa teke. Begi lilirushwa kitandani likapita karibu na sikio langu.

"Mama, nina njaa. Kuna nini?"

Hakupiga hodi. Nilibaki nimeushika unga kwa mikono yote miwili, hadi akaja mbele kunitazama kama naumwa. Nikamwambia kuna chapati chini ya kile kifuniko, na chai iko kwenye chupa, sukari ajitilie mwenyewe.